Meza ya Miguu Mitatu
Ukihamia nyumba ya kupanga hapa Awasi, beba kadibodi. Utaikunja chini ya mguu wa meza, nyingine chini ya kabati linalojifungua lenyewe usiku kama limesikia hodi. Shida ni udongo mweusi wa uwanda wa Kano: mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unanywea, unapasuka, na simiti inapasuka nao.

Wazee wetu waliishi juu ya udongo huohuo. Sakafu yao ilikandikwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, na vyombo viliizoea. Chungu cha Kijaluo kina kitako cha mviringo. Ukikichimbia kidogo kinatulia. Mafiga ni matatu, na kitu cha miguu mitatu hakiyumbi hata pakiwa na bonde.

Halafu reli ikafika Kisumu 1901, misheni ya Maseno ikaanza 1906, vijana wakafundishwa useremala. Meza ya miguu minne ikaja ikidai sakafu sawa: udongo mweusi uchimbwe, utolewe, yajazwe mawe. Kazi hiyo ni ghali. Mwenye ploti yangu alimwaga simiti juujuu tu, na kodi anataka kamili. Mimi nimemwagiza fundi meza ya miguu mitatu.