Kichochea-uvimbe: aliyesukuma kuni siye aliyewasha moto

Daktari wa Pweto, kando ya ziwa Moero nchini Kongo, aliyesoma kwa Kifaransa hulijua neno promoteur la elimu ya saratani, lakini akilieleza kwa Kiswahili mara nyingi litatoka hivi: "kitu kinacholeta kansa". Maelezo hayo yanaeleweka upesi, na yanapotosha upesi vilevile, ilhali Kiswahili kina kitenzi kinachoibeba dhana hii barabara: kuchochea. Moto wa kuni huwashwa kwanza, kisha mpishi husukuma vijinga ndani ili uwake zaidi. Asukumaye kuni katika jiko lisilo na kaa hai hapati moto. Ndiyo sababu napendekeza kichochea-uvimbe, na kile kinachotangulia kukiharibu kiini cha seli tukiite kianzishi.

Ushahidi wa mgawanyo huu ni wa zamani. Mwaka 1947 Berenblum na Shubik, huko Uingereza, walipaka ngozi za panya dozi moja ndogo ya kianzishi, kisha mafuta ya krotoni mara kwa mara, na vivimbe vikaota. Walipogeuza mpangilio, krotoni kwanza na kianzishi baadaye, mavuno yalikuwa haba. Baadaye ilijulikana kwamba nguvu ya mafuta hayo imo katika esta za foboli, sumu za asili ambazo jamaa zake zimo pia katika maziwa ya mnyaa, mmea wa vijiti vya kijani upandwao kama uzio sehemu nyingi za Afrika. Hapo ndipo habari inapogusa kwetu. Uvimbe wa taya za watoto ulioelezwa na Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958 ndio uliowawezesha watafiti kugundua virusi vya Epstein-Barr mwaka 1964. Virusi hivyo hulala ndani ya seli za damu. Seli hizo zikikuzwa katika kisahani cha maabara na kutiwa esta za foboli, virusi huamka: chini ya darubini, seli zilizotiwa rangi maalumu hung'aa moja moja kama taa za wavuvi usiku ziwani Moero.

Atakayepinga atasema kwamba katika kisahani hakuna uvimbe, kuna seli tu. Ni kweli, na kwa hiyo matokeo ya kisahani ni dalili ya uchochezi, si hukumu juu ya mnyaa. Mwingine atasema neno kichocheo tunalo tayari. Tunalo, ila wanakemia wamelitwaa kwa maana yao, na lenyewe halisemi kinachochochewa ni nini. Kichochea-uvimbe hukitaja, kwa muundo uleule wa kipimajoto. Wa tatu atataka saratani badala ya uvimbe. Lakini vingi vya vivimbe vya wale panya vilikuwa vijinyama visivyo na madhara makubwa, na vichache tu viligeuka saratani, kwa hiyo uvimbe ndilo neno la haki.

Tofauti hii huishia mlangoni kwa mtu. Aambiwaye kwamba mnyaa unaleta kansa atang'oa uzio wa lupango lake, kisha alale bila chandarua, ilhali malaria imo miongoni mwa mambo yanayoandamana na uvimbe wa Burkitt. Aambiwaye kwamba unaweza kuchochea atawakinga watoto na maziwa yake, ambayo huunguza macho hata hivyo, kisha atauliza swali linalostahili: moto wenyewe uliwashwa na nini?