Safari ya Mcheza Baleti wa Kiume: Paris, Copenhagen na Saint Petersburg

Baleti, yaani dansi ya jukwaani inayofuata kanuni kali za mkao wa mwili na nafasi tano za miguu, huhesabiwa leo na watu wengi kuwa sanaa ya wanawake, ilhali kazi hiyo iliasisiwa na wanaume. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, ambaye mwenyewe alicheza nafasi ya Jua mbele ya baraza lake mwaka 1653 akiwa kijana wa miaka 14, alianzisha Akademia ya Kifalme ya Dansi mwaka 1661, na hadi mwaka 1681 nafasi za kike katika jukwaa la Opera ya Paris zilichezwa na wanaume waliovaa barakoa. Karne iliyofuata ilitawaliwa na Gaétan Vestris na mwanawe Auguste, ambaye miruko na mizunguko yake ilimpa sifa Ulaya nzima.

Anguko lilikuja baada ya mwaka 1832, Marie Taglioni alipocheza *La Sylphide* akisimama kwenye ncha za vidole vya miguu, mbinu iliyomfanya mwanamke aonekane kama kiumbe kisicho na uzito. Watazamaji wa Paris, hasa matajiri waliolipia viti kwa msimu mzima, walitaka kuwaona wanawake tu, na wahakiki wakaanza kuandika kwamba mwili wa mwanamume jukwaani ni karaha. Mcheza dansi wa kiume akageuzwa kuwa mbebaji wa mwenzake, na hatimaye hata kazi hiyo akanyang'anywa: *Coppélia* ilipooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1870, nafasi ya kijana Franz ilichezwa na mwanamke, Eugénie Fiocre. Hilo halikutokana na upungufu wa vipaji, bali na ukumbi kuruhusu ladha ya walipaji iamue nani afundishwe.

Ushahidi wa jambo hilo uko Copenhagen. August Bournonville, aliyefundishwa na Auguste Vestris mjini Paris, alirejea kwao Denmark mwaka 1830 na kuongoza baleti ya Ukumbi wa Kifalme, ambako alitunga dansi zilizompa mwanamume hadhi sawa na mwanamke, huku yeye mwenyewe akicheza nafasi kuu. Mwanafunzi wake Christian Johansson, mzaliwa wa Stockholm, alihamia Saint Petersburg mwaka 1841, akacheza huko na baadaye akawa mwalimu katika shule ya kifalme iliyoanzishwa mwaka 1738. Serikali ya Urusi iliwalea wanafunzi wa shule hiyo kwa gharama zake na kuwapa wasanii pensheni baada ya miaka 20 ya utumishi, hivyo mzazi maskini aliweza kumpeleka mwanawe huko bila hofu ya kesho yake. Johansson alimfundisha Nikolai Legat, naye Legat akamfundisha Vaslav Nijinsky.

Kwa hiyo kundi la baleti la Mrusi Sergei Diaghilev lilipowasili Paris mwaka 1909 na Nijinsky akawastaajabisha watu kwa miruko yake, Wafaransa walikuwa wakishangilia elimu iliyotoka kwao wenyewe, iliyopokezwa kutoka mwalimu hadi mwanafunzi kwa muda wa karibu miaka 80. Nijinsky hakudumu, kwa kuwa maradhi ya akili yaliyafunga maonesho yake ya hadharani mwaka 1917 kabla hajafikisha miaka 30. Rudolf Nureyev, aliyesoma katika shule ile ile, aliomba hifadhi mjini Paris mwaka 1961, na kuanzia mwaka 1983 hadi 1989 akaiongoza baleti ya Opera ya Paris. Baleti hiyo leo huwastaafisha wachezaji wake, wanaume kwa wanawake, wakiwa na umri wa miaka 42.