Kalokol na Olkaria: Miradi Miwili, Mwaka Mmoja

Mfadhili anapotokea mtaani kwetu, swali la kwanza huwa ni hili: "Ameleta pesa ngapi?" Ni nadra sana kumsikia kijana akiuliza, "Je, akiondoka, nani ataweza kuuendesha mradi huu?" Lakini ukiisoma historia ya nchi yetu utaona kwamba swali hili la pili ndilo zito zaidi. Nami sitakupeleka mbali. Twende Bonde la Ufa, mwaka 1981. Mwaka huo kulikamilika kiwanda cha samaki kaskazini mwa bonde, na huko kusini, karibu na Naivasha, ikawashwa mashine ya kwanza ya stima itokayo ardhini. Miradi yote miwili ilitokana na ushirikiano wetu na mataifa ya nje. Mmoja ulikufa mapema. Wa pili mpaka leo unakua. Kwa nini?

KIWANDA CHA KALOKOL

Kalokol ni mji mdogo magharibi mwa Ziwa Turkana. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1960 uliua mifugo mingi, na wafugaji wengi wakabaki wakitegemea chakula cha msaada. Serikali ikaona kwamba ziwa lina samaki, basi watu na wavue. Norway, taifa linalojua bahari na uvuvi tangu zamani, ikakubali kusaidia. Ikakiunga mkono chama cha ushirika cha wavuvi wa Turkana, ikagharimia barabara ya kutoka Kitale hadi Lodwar, na mwaka 1981 kiwanda cha kugandisha samaki kikawa tayari.

Nia ilikuwa njema, hilo tusilikatae. Lakini hebu fikiria, ndugu yangu. Turkana ni miongoni mwa sehemu zenye joto kali zaidi Kenya. Kugandisha samaki mahali kama pale kunataka stima nyingi na maji safi mengi. Stima ya taifa haikuwa imefika, ikabidi kutumia jenereta, na mafuta yake yasafirishwe mamia ya kilomita kutoka kusini. Maji ya ziwa nayo yana magadi. Punde si punde ikadhihirika kwamba gharama ya kumgandisha samaki inapita bei ya samaki mwenyewe. Mitambo ya barafu ikazimwa baada ya muda mfupi tu.

Kisha ziwa nalo likarudi nyuma. Zaidi ya asilimia 80 ya maji ya Ziwa Turkana huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, kwa hivyo mvua ikikosekana kule, ziwa hushuka huku. Katikati ya miaka ya 1980 ghuba ya Ferguson, iliyokuwa ikitoa samaki wengi karibu na Kalokol, ikakauka. Kiwanda kikabaki na samaki wachache wa kukiendesha, hata kama mitambo ingekuwa inafanya kazi.

Wako wanaosema ati mradi ulikufa kwa sababu Mturkana hajui samaki. Huko ni kuwaonea watu. Waturkana wa kando ya ziwa walikuwa wakivua kwa matundu ya kufuma kabla ya mfadhili yeyote kufika, na wavuvi wangali wanakausha samaki kwa jua na kuwauza. Jua halidai dizeli. Kilichoshindwa ni kile kilichohitaji vitu vya kutoka mbali kila siku. Na mnamo Oktoba 1990, serikali yetu ilipovunja uhusiano na Norway kufuatia kesi ya Koigi wa Wamwere, misaada ya nchi hiyo ikakatika. Mkono uliokuwa ukishika ukaondoka.

MVUKE WA OLKARIA

Sasa tuje Olkaria. Visima viwili vya kwanza vilichimbwa huko mwaka 1956, wakati wa ukoloni. Havikutoa mvuke wa kutosha, kazi ikasimama. Wakati huo Kenya ilikuwa ikielekea kutegemea stima ya Uganda, na kuanzia 1958 ikawa inainunua kutoka bwawa la Owen Falls, Jinja.

Mwaka 1970 serikali ya Kenya na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) walianza utafiti upya. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda dunia nzima, na haja ya kuwa na nishati yetu wenyewe ikazidi. Visima vikachimbwa kimoja baada ya kingine na kupimwa. Kufikia 1976 hesabu ilionyesha kwamba mradi utalipa. Hapo ndipo ujenzi ulipofuata, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa waliokopesha. Mashine ya kwanza, ya megawati 15, iliwashwa 1981, ya pili 1982 na ya tatu 1985. Jumla megawati 45.

Lakini siri kubwa ya Olkaria haiko kwenye mashine. Mwaka 1979 serikali ya Iceland, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, ilianzisha mafunzo ya miezi sita ya elimu ya jotoardhi mjini Reykjavik. Iceland ni kisiwa kidogo cha baridi, watu wake hawafiki hata nusu milioni, ila mvuke wa ardhini wanaujua. Wakenya wakaanza kwenda kusoma: wapima miamba, wachunguzi wa maji na gesi, wahandisi wa visima. Wengine wakaenda New Zealand. Kwa miaka iliyofuata, Kenya ikawa nchi iliyopeleka wanafunzi wengi zaidi Iceland, zaidi ya 100. Kuanzia 2005 kozi fupi zikaletwa hapa hapa Kenya, na majirani wakaja kusomea kwetu.

Matunda yake unayaona. Wakati wa ukame wa 1999 na 2000 mabwawa yalipopungua maji na tukagawiwa stima kwa zamu, mvuke wa Olkaria haukujali mvua. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi, na zaidi ya asilimia 40 ya stima yetu hutoka huko. KenGen imepewa kandarasi za kuchimba visima Ethiopia na Djibouti. Mwanafunzi wa jana ndiye fundi wa leo.

Usidhani kwamba Olkaria haina dosari. Familia za Kimaasai zilizohamishwa mwaka 2014 kupisha upanuzi zililalamika kuhusu ardhi na makao mapya, malalamiko yakafika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, hadi ukafanywa usuluhishi. Stima inapita juu ya paa la mtu, naye hakushauriwa vya kutosha. Hilo nalo ni deni.

FUNZO LETU

Basi tofauti ni nini? Si wema wa mfadhili, kwani wote walikuja kwa wema. Olkaria, ardhi iliulizwa kwanza kwa miaka, ndipo likajengwa jengo. Chakula cha mashine kiko chini ya miguu yetu. Na elimu iliwekwa vichwani mwa watu wanaobaki. Kalokol kilijengwa kiwanda, na maswali yakaja baadaye.

Ndugu msomaji, wewe unayeketi katika kamati ya vijana: kesho akija mtu na mradi wa kisima, wa kompyuta au wa zahanati, mpokee kwa heshima na umshukuru. Kisha muulize bila haya: Pampu ikiharibika, vipuri vitatoka wapi? Ni kijana gani wetu atafundishwa kuitengeneza? Wenye ardhi wameulizwa? Akikasirika kwa maswali hayo, afadhali ujue mapema. Akiyafurahia, basi huyo ni mshirika, shikaneni mkono.