Fahamu kuhusu ningu, samaki wa Ziwa Victoria anayepotea

Ukiwauliza wazee wa kando ya mito Nzoia, Mara au Kagera, wengi watakwambia kuhusu ningu. Leo kumpata sokoni ni bahati.

Ningu (Labeo victorianus) ni ndugu wa karpi, samaki anayefugwa sana China na Ulaya. Duniani kote asili yake ni bonde la Ziwa Victoria tu, na yumo kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka.

Kwa nini amepungua?

Wengi humlaumu sangara. Lakini ningu alishaanza kupungua kabla sangara hajatapakaa ziwani miaka ya 1980. Shida ilianzia kwenye tabia yake ya kuzaliana. Mvua zikinyesha, anatoka ziwani na kupanda mto kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Wavuvi waliujua msimu huo, wakatega nyavu za makila kwenye midomo ya mito. Majike yalinaswa yakiwa na mayai tumboni. Miaka ya 1960 hali ilikuwa tayari mbaya.

Kulima hadi ukingoni mwa mto na kukausha maeneo oevu kumezidisha tatizo, kwani mazalia yanapotea.

Je, anaweza kufugwa?

Ndiyo, ila siyo rahisi kama sato. Bwawani hakuna mto wa kupanda, hivyo hatagi mwenyewe. Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo yao: walimchoma homoni, akataga na mayai yakaanguliwa. Faida yake nyingine ni kwamba anakula mwani na mabaki ya chini, kwa hiyo anaweza kukaa bwawa moja na sato bila kugombania sana chakula.

Ufugaji peke yake hautoshi

Vifaranga vikitoka kwa wazazi wachache, ukoo unadhoofika. Na kuwachanganya ningu wa mito tofauti kunaweza kufuta tofauti zao za asili. Kwa hiyo usimwage mtoni vifaranga vya bwawani bila kuwauliza maofisa uvuvi.

Cha kwanza ni kumwachia njia. Mvua zikianza, mdomo wa mto usizibwe kwa nyavu, na majani ya ukingoni yabaki. Jike moja likipita salama, linapeleka maelfu ya mayai.