Ulinzi Ulianzia Shambani

Ulinzi lilikuwa neno la shambani kabla ya kuwa la kambini. Mkulima wa pwani alilinda ndege: alikaa juu ya dungu, teo mkononi, akiwafukuza wasimalize mtama. Wizara na majeshi yaliliazima neno baadaye, na leo ukitaja vifaa vya ulinzi, anayesikia huwaza vifaru na risasi.

Wanasheria wa Marekani walilirudisha shambani bila kujua. Sheria ya Kukopesha na Kukodisha, iliyotiwa saini tarehe 11 Machi 1941 ili serikali iwanunulie washirika wake mahitaji ya vita, ilifasili kifaa cha ulinzi kuwa silaha, meli, ndege za kivita, na pia zao lolote la kilimo linalohitajika kwa ulinzi. Gunia la unga likawa na hadhi ileile ya sanduku la risasi.

Nchini Kenya, Kitale na Bungoma ziliijua maana hiyo kwa jasho. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuongeza mazao, na walowezi wa Trans Nzoia wakahakikishiwa bei ya mahindi pamoja na ruzuku ya kuvunja ardhi mpya. Mwaka huohuo kanuni za ulinzi ziliruhusu Mwafrika alazimishwe kufanya kazi katika "shughuli muhimu". Istilahi hii inanichoma. Muhimu kwa nani? Shamba la mlowezi, mali yake na faida yake, lilihesabiwa kuwa shughuli muhimu ya vita. Shamba la mkulima wa Kimilili lilitoa mahindi pia, lakini mwenyewe ndiye aliyetakiwa kuacha jembe lake akashike la mwingine. Na mahindi yaleyale yalikuwa na bei mbili: ya Mzungu juu, ya Mwafrika chini. Kiongozi wa kidini Elijah Masinde alipowaambia watu wa Bungoma wakatae kazi hiyo ya lazima, serikali ilimkamata, kisha ikamfungia Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, hadi 1947.

Siku hizi tuna Katiba, ambayo katika kifungu cha 227 inadai ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inavipa vyombo vya usalama orodha mbili, ya wazi na ya siri. Bunduki ina sababu ya kuwa kwenye orodha ya siri. Maharagwe hayana. Mkulima wa Chwele anayetaka tenda ya kulisha kambi anastahili kusoma, kwa Kiswahili anachokielewa, zao lake limewekwa orodha ipi na kwa bei gani.

Ninyi mnaotafsiri sheria zetu, msiliache neno "ulinzi" bila fasili. Yatajeni mahindi kwa jina lake.