Faili na Kipande Chake

Mfikirie, msomaji, karani wa shamba la maua Naivasha, mwisho wa mwezi. Faili ya mishahara imeletwa kwa barua pepe kutoka Nakuru. Anaifungua, majina anayaona, tarakimu anaziona, bali kitufe cha kukokotoa malipo hakifanyi kazi. Juu ya ukurasa umetanda mstari mwekundu wa kumwarifu kwamba makro, yaani zile amri zilizoandikwa ndani ya faili ili ijifanyie kazi yenyewe, zimezuiwa. Karani hudhani kompyuta imeharibika. Haikuharibika; imetii.

Amri inayoitii ina historia. Mwezi Machi 1999 virusi vilivyoitwa Melissa vilijificha katika makro za waraka wa Word, vikajituma kwa anwani 50 za kila vilipoingia. Ofisi za dunia zikaanza kuziogopa makro, walakini kwa miaka mingi ulinzi ulikuwa onyo tu: mtu akibonyeza kitufe, hupita. Mwaka 2022 kampuni ya Microsoft iliazimia kuuziba mlango huo. Malalamiko yakawa mengi hata ikasita mwezi Julai, kisha ikaendelea mwezi ule ule.

Njia iliyotumika utaitambua, wewe uliyesoma historia ya Bonde la Ufa. Katika miaka ya 1920, Mwafrika aliyefanya kazi katika mashamba ya walowezi alivaa kipande shingoni, ndani ya kikebe cha chuma. Bila sahihi ya mwajiri wa kwanza hakuweza kuajiriwa kihalali kwa mwingine. Windows nayo huitia faili itokayo kwenye intaneti alama isiyoonekana, na mlangoni huulizwa alama. Sisemi faili huona uchungu alioona mtu yule, hasha! Lakini wote wawili waliulizwa walikotoka, si walichochukua moyoni.

Karani afanyeje? Kwanza apige simu Nakuru, aulize kama faili ni yao kweli. Ikiwa yao, aifunge, aibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, afungue ukurasa wa sifa zake, atie tiki penye neno Unblock. Ikiwa wakuu wa ofisi wamezifunga makro zote, tiki haitafaa kitu. Sharti msimamizi wa kompyuta aitie faili sahihi ya kidijitali, au aiweke mahali palipokwisha kuaminiwa. Wako wanaoona wepesi kuulegeza ulinzi wote mara moja. Hao huvunja ukuta ilhali ufunguo uko chumba cha pili.

Chumba hicho, ni kweli, huenda kikawa Nakuru, mwendo wa kilomita 70 hivi. Karani humngoja msimamizi, na wachuma maua humngoja karani.