FAHAMU: Foleni ya Kumvuta Kaka Marekani Ilianzaje, na Kwa Nini Inakula Zaidi ya Miaka 15

Kila ukoo mjini una mtu wa hivi. Dada aliyeshinda bahati nasibu ya Green Card, akaenda zake Texas au Minnesota, akapiga shifti za usiku za kuangalia wazee, miaka ikapita, akala kiapo cha uraia. Hapo ndipo simu zinapoanza. "Dada, lini unatuvuta?" Akisema ameshajaza fomu, watu wanaanza kuuza makochi. Akisema subirini miaka 15, basi kashakuwa Mzungu, ana roho mbaya, hataki wenzake watoboe.

Kumbe wala hadanganyi. Na hiyo foleni ina historia ya ajabu, maana ilitengenezwa na watu waliodhani itawasaidia kuzuia watu wa aina fulani.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria ya kugawa nafasi za kuhamia kwa kuangalia nchi uliyozaliwa. Hesabu ilipigwa kwa sensa ya 1890, yaani makusudi kabisa walichagua mwaka ambao Waitaliano, Wayahudi na watu wa Ulaya Mashariki walikuwa bado hawajajaa kule. Ujerumani ikapewa nafasi 51,227 kwa mwaka. Uingereza 34,007. Tanganyika? 100. Ruanda-Urundi 100, Muscat nayo 100. Waasia wengi hawakupewa hata hizo. Utaratibu huo, ukibadilishwa namba hapa na pale, ulidumu miaka zaidi ya 40.

Neno kaka na dada kama daraja la kuombea viza liliingia kwenye sheria ya 1952. Rais Truman aliikataa sheria hiyo, Bunge likampita juu, ikawa sheria hivyo hivyo. Ndugu waliwekwa daraja la nne, na walikuwa wanapewa makombo, zile nafasi zilizobaki madaraja ya juu yakishashiba. Sasa Italia ilikuwa na nafasi zisizofika 6,000 kwa mwaka na ndugu kibao wanaosubiri. Malalamiko ya Wamarekani wenye asili ya Italia na Ugiriki yakawa kelele za kisiasa, na wanasiasa wanajua kuhesabu kura.

Ndiyo ikaja 1965. Serikali ya Rais Johnson ilitaka kufuta ubaguzi wa nchi na kutanguliza watu wenye ujuzi. Lakini pale bungeni alikuwepo mzee mmoja, mbunge wa Ohio, mwenyekiti wa kamati ndogo ya uhamiaji, ambaye bila yeye muswada haupiti. Akaweka sharti: familia kwanza, ujuzi baadaye. Hesabu ya waliomuunga mkono ilikuwa rahisi sana. Wamarekani wengi ni weupe wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo ndugu zao watakaoletwa watakuwa weupe kutoka Ulaya. Ukifuta ubaguzi kwenye karatasi, damu itaendelea kufanya kazi ile ile. Kuna watu wa vyama vya maveterani, waliokuwa wakiupenda mfumo wa zamani, walioandika hivyo waziwazi na kuusifia mpango.

Matokeo yake, ndugu wa raia walipewa fungu kubwa kuliko daraja lolote: asilimia 24 ya viza 170,000 za nje ya mabara ya Amerika. Hiyo ni kama viza 40,800 kwa mwaka. Watu wakaibatiza sheria ya kaka na dada. Johnson aliisaini tarehe 3 Oktoba 1965 chini ya Sanamu ya Uhuru, New York, akawatuliza watu kwamba si sheria ya mapinduzi.

Aisee, walikosea!

Ulaya Magharibi ya miaka ya 60 ilikuwa inakula vizuri. Mjerumani mwenye kazi kiwandani na gari jipya anaenda Chicago kufanya nini? Fungu la ndugu likabaki wazi kwa wengine. Madaktari wa Kihindi, wanafunzi wa Kikorea na manesi wa Kifilipino waliingia kwa mlango mdogo wa ujuzi, wakasubiri miaka ya uraia, kisha wakajaza fomu za ndugu zao. Ndugu wakaja na wake na waume zao, nao wakawa raia, wakajaza fomu za upande wa pili wa ndoa. Mlango uliojengwa kwa ajili ya binamu wa Ulaya ukageuza sura ya nchi nzima. Ufilipino mpaka leo ni kati ya foleni ndefu kuliko zote, kama miaka 20.

Waafrika walichelewa kidogo, maana ili umvute ndugu lazima kwanza mmoja awe ndani. Sheria ya 1990 ndiyo iliyoleta bahati nasibu tunayoijua, kwa kiasi kikubwa kwa presha ya wanasiasa waliotaka kuwasaidia Waayalandi. Tena Waayalandi! Ilipoanza rasmi kwa mwaka wa fedha 1995, Waafrika wakaichangamkia kweli kweli. Sheria hiyo hiyo ya 1990 iliweka idadi ya ndugu kuwa viza 65,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na haijaguswa tangu hapo.

Hapa ndipo wengi hawaelewi. Hizo 65,000 si kaka 65,000. Kaka mwenye mke na watoto wanne anakula nafasi sita. Na waliopanga foleni ni zaidi ya milioni 2. Gawanya mwenyewe, halafu umpigie dada simu ya kuomba radhi.

Kuna jambo jingine linaloumiza familia za kwetu. Kwetu mtoto wa baba mkubwa ni kaka, humwiti binamu mpaka uwe umegombana naye. Sheria ya Marekani haimtambui kabisa. Kaka ni yule mnayechangia angalau mzazi mmoja, basi. Na kama mnachangia baba, mama mbalimbali, utatakiwa kuleta karatasi za ndoa za mzee, ndoa ya 1974 iliyofungwa kijijini mbele ya shehe ambaye ameshafariki. Anayeomba naye lazima awe raia mwenye miaka 21 au zaidi. Green Card peke yake haivuti kaka.

Wapo waliotaka kulifuta daraja hili kabisa. Mwaka 1995 tume iliyoongozwa na Barbara Jordan, mwanamke mweusi wa Texas mwenye heshima kubwa kwenye haki za kiraia, ilipendekeza liondolewe. Hoja yake haikuwa chuki. Alisema ni ukatili kumwahidi mtu kitu cha miaka ishirini mbele wakati wake, waume na watoto wadogo nao wamekwama foleni nyingine. Mwaka 2013 Seneti ilipitisha muswada wa kulifuta kwa kura 68 kwa 32, lakini Baraza la Wawakilishi halikuupigia hata kura. Mwaka 2017 akaja rais aliyeita jambo hili uhamiaji wa mnyororo na kutaka ukatwe. Agosti 2018 wakwe zake wakaapishwa uraia New York, wakiwa wamedhaminiwa na binti yao. Tuliache hapo.

Sasa tuseme dada wa kwetu alijaza fomu I-130 mwaka 2007. Kaka yake yuko Mbagala, ana mke na mtoto wa kiume wa miaka minne. Tarehe ile fomu ilipopokelewa ndiyo namba yao ya foleni. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inatoa tangazo la tarehe iliyofikiwa, na kufikia 2024 ndiyo walikuwa wanaita watu wa 2007. Yule mtoto wa miaka minne sasa ana 21, na sheria inasema mtoto ni asiyefikisha 21 na hajaoa.

Kuna ahueni iliyoletwa mwaka 2002: muda ambao fomu ilikaa mezani ikisubiri kukubaliwa unatolewa kwenye umri wa mtoto. Muda wa kukaa kwenye foleni yenyewe hautolewi. Kwa hiyo ofisa mvivu aliyekalia fomu miaka mitatu anamwokoa kijana, anahesabiwa ana 18. Ofisa mchapakazi aliyeikubali ndani ya mwezi mmoja amemwacha nje. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba kijana aliyevuka umri namna hiyo hairithi hata ile tarehe ya zamani ya shangazi yake.

Na hapo dada awe bado hai, maana akifariki fomu kwa kawaida inakufa naye, labda maombi maalum ya huruma yakubaliwe. Awe pia na kipato cha kusaini udhamini: angalau asilimia 125 ya mstari wa umaskini, kwa hesabu ya watu wa kwake pamoja na wanaokuja. Saini hiyo inambana mpaka wawe raia au wafikishe kama miaka 10 ya kazi.

Kaka na mkewe wanapanda ndege. Kijana anabaki Mbagala. Baba akifika na kupata Green Card anaweza kumjazia fomu yake, daraja jingine, foleni nyingine, kuanzia mwanzo. Sharti ni moja tu, asioe kabla baba hajawa raia. Akioa, fomu inakufa siku hiyo hiyo. Ana mchumba, wamekaa miaka miwili, na upande wa mwanamke wameshaanza kuuliza posa inakuja lini.